Kimya, Baba Anaandika! Vichekesho vya Kalamu ya Kulipwa Katika Hadithi Tatu za Chekhov

Utangulizi



Kila wanapokutana walimu watatu wanne wa Kiswahili wakaagiza chai, haupiti muda kabla mmoja wao hajaanzisha utani wa uandishi. Tutacheka mrabaha usiotosha nauli ya kwenda kuuchukua. Tutamcheka mhariri aliyeukalia mswada hadi mwandishi akaota mvi. Tutamcheka na msomaji anayekisifu kitabu alichokisoma kwa fotokopi, tena fotokopi yenyewe imekosa kurasa za mwisho. Ni utani mtamu, na sehemu kubwa yake ni kweli tupu. Hata hivyo, ukiutazama kwa jicho la mhakiki utaona kwamba mwenye kosa daima ni mtu mwingine. Mwandishi katika utani wetu ni mtakatifu mwenye njaa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki hadithi fupi tatu za mwandishi Mrusi Anton Chekhov, ambazo zote zinahusu upande wa kuchekesha wa kuandika na kuchapishwa. Nitaziita kwa Kiswahili "Furaha" (1883), "Kimya!" (1886) na "Tamthilia" (1887). Hoja yangu ni moja: kichekesho cha kazi ya uandishi hufikia kina pale kinapomgeukia mwenye kalamu, kikamuuliza anaitumia kalamu hiyo kumfanyia nani ukubwa. Nitaeleza pia kwa nini swali hilo linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili huku Uganda na kwa majirani zetu, wakati huu ambapo kazi za kuandika kwa malipo zinaanza kubisha hodi.

Mwandishi wa kopeki nane

Kabla ya kuzisoma hadithi ni vyema tumjue mwenyewe. Chekhov alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Taganrog, kusini mwa Urusi. Baba yake alikuwa mwenye duka, na duka likafilisika. Mwaka 1879 kijana Anton alikwenda Moscow kusomea udaktari, na mwaka 1880 akaanza kuchapisha vipande vya kuchekesha katika magazeti ya ucheshi. Wengi wetu tumezoea kuwaeleza wanafunzi kwamba mwandishi husukumwa na wito. Chekhov alisukumwa na midomo iliyokuwa ikisubiri chakula nyumbani: wazazi na ndugu zake.

Gazeti lililochapisha vipande vyake vingi wakati huo liliitwa Oskolki, la mjini St Petersburg, chini ya mhariri Nikolai Leykin. Malipo yalikuwa kopeki 8 kwa mstari, na hadithi haikutakiwa kuzidi mistari 100 hivi. Piga hesabu: hadithi iliyojaa mpaka ukingoni ilimpatia rubli 8. Hapo ndipo alipojifunza kufyeka maneno. Sisi huwaambia wanafunzi kwamba ufupi wa Chekhov ni mtindo wa kisanaa, na kweli ni hivyo, lakini mtindo huo ulifunzwa na mhariri mwenye nafasi ndogo ukurasani.

Hata malipo hayo hayakuja kwa urahisi. Mdogo wake, Mikhail, anasimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyotumwa kwenda kudai fedha za kaka yake. Mhariri mmoja, kwa kuwa hakuwa na fedha mkononi, alimuuliza kama angekubali tiketi ya kwenda kutazama mchezo, au suruali mpya kwa fundi fulani, gharama iandikwe kwa jina la mhariri. Mwandishi wa Kiswahili aliyewahi kulipwa kwa nakala kumi za kitabu chake mwenyewe atatambua mara moja kwamba suruali si haba.

Majina aliyoyatumia kutia saini nayo yanastahili kutajwa. Maarufu zaidi ni Antosha Chekhonte, lakini aliwahi pia kujiita "Ndugu wa Ndugu Yangu" na "Mtu Asiye na Bandama", jina la kufaa kwa mwanafunzi wa udaktari. Jina lake la kweli alilihifadhi kwa ajili ya taaluma yake. Alihitimu udaktari mwaka 1884, na baadaye, katika barua, alifananisha udaktari na mke wa ndoa, na fasihi na hawara. Mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitri Grigorovich alimwandikia kumsihi akiheshimu kipaji chake na aache kuandika kwa haraka. Ni mwaka huohuo alipoandika "Kimya!" Kwa hiyo, hadithi tunazozihakiki zilitoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya kazi hasa, anayehesabu mistari na kungoja malipo. Hakuwa akiwacheka waandishi kutoka dirishani.

"Furaha": jina gazetini

Hadithi ya kwanza ni fupi kiasi cha kusomwa wakati chai inapoa. Ni usiku wa manane. Mitya Kuldarov, karani wa cheo cha chini kabisa serikalini, anaingia nyumbani mbio, nywele timutimu. Wazazi wake wamekwisha kulala, dada yake yuko kitandani anamalizia ukurasa wa mwisho wa riwaya, na wadogo zake wa shule wako usingizini. Mitya anawaamsha wote. Anacheka, anashindwa kusimama, anawaambia kwamba hadi jana wao peke yao ndio waliojua kuwa kuna mtu aitwaye Dmitri Kuldarov, na sasa Urusi nzima inajua. Ameandikwa gazetini!

Mama anaitazama sanamu takatifu na kufanya ishara ya msalaba. Baba anavaa miwani na kusoma. Habari yenyewe inasema kwamba Kuldarov, akitoka katika kilabu cha pombe hali amelewa, aliteleza akaanguka chini ya farasi wa gari la kukodi, farasi akamruka, gari likapita juu yake, akapelekwa kituo cha polisi, na daktari akaona kwamba amepigwa kisogoni. Mitya anaongeza maelezo ya kitaalamu: alipigwa na mti wa gari. Kisha analikunja gazeti, anavaa kofia yake na kutoka mbio, kwani bado majirani hawajaonyeshwa.

Kiufundi, kichekesho kinatokana na mgongano wa rejesta mbili. Kwa upande mmoja kuna lugha ya furaha ya Mitya, iliyojaa mishangao. Kwa upande wa pili kuna lugha kavu ya ripoti ya polisi. Chekhov haingilii kati na hamkemei Mitya. Anaziweka rejesta hizo bega kwa bega na kumwachia msomaji kazi. Hii ni kinaya safi, na mwalimu anayetafuta mfano wa kinaya usiohitaji maelezo marefu ameupata.

Msomaji anaweza kuuliza: Mitya si mwandishi, hadithi hii inahusiana nini na uandishi? Inahusiana sana. Mitya anawakilisha tamaa inayotangulia uandishi wowote, ile ya kuliona jina lako likiwa limepigwa chapa. Tamaa hiyo haiulizi jina limeandikwa kwa sababu gani. Mwanafunzi anayekuja ofisini na shairi lake na swali lake la kwanza likawa "Mwalimu, litatoka lini?" kabla ya kuuliza "Je, ni zuri?" ana tone la damu ya Mitya. Na mhadhiri anayehesabu makala yake kwa ajili ya kupandishwa cheo, bila kukumbuka hata moja ilisema nini, ana zaidi ya tone.

"Kimya!": meza ya mwandishi

Hadithi ya pili ndiyo kubwa kuliko zote tatu kwa kina, ingawa nayo ina kurasa chache tu. Ivan Krasnukhin ni mwandishi wa kawaida wa gazeti. Anarudi nyumbani usiku akiwa na uso mzito, mfano wa mtu anayengoja kupekuliwa na polisi. Anatembea chumbani, anaringia huzuni yake, anajiambia jinsi alivyochoka na jinsi ulimwengu usivyojua mateso ya mtu anayetakiwa kuandika akiwa amevunjika moyo. Kisha anamwamsha mkewe, Nadya. Anataka kuandika. Mtu yeyote asimsumbue. Hawezi kuandika watoto wakilia au mpishi akikoroma. Halafu anahitaji chai, kwa kuwa bila chai hawezi kuandika.

Hapa Chekhov anatuchorea meza ya Krasnukhin, na mchoro huo ndio moyo wa hadithi. Hakuna kitu kilichowekwa mezani kwa bahati. Kuna sanamu ndogo na picha za waandishi wakuu, rundo la karatasi zilizoandikwa ovyo, na kitabu cha mhakiki Belinsky kilichokunjwa ukurasa. Kuna fuvu la kichwa linalotumika kuwekea majivu ya sigara. Kuna gazeti lililokunjwa kana kwamba kwa kutojali, lakini mahali palipopigiwa mstari kwa penseli ya buluu panaonekana vizuri, pamoja na neno la hasira pembeni. Kuna penseli na kalamu kadhaa zilizochongwa tayari, ili fikra zisije zikakatizwa na nibu iliyovunjika. Kitu kimoja tu hakipo mezani: kazi.

Wakati mwandishi anaegemea kiti na kufumba macho ili fikra zimjie, mkewe, ambaye bado ana usingizi, anaburuta sapatu jikoni akipasua kuni za kuchemshia maji. Mpangaji wa chumba cha pili anasali kwa sauti ya chini, naye anapigiwa kelele: asali polepole, anamzuia mtu kuandika! Usiku unakwenda hivyo hadi karibu alfajiri. Krasnukhin anaingia kitandani akilalamika kwamba kuandika kwa kuagizwa kunanyonya roho, kwamba kama si familia angekwisha kuiacha kazi hii. Kisha analala usingizi mnono mpaka mchana. Nyumba nzima inatembea kwa vidole vya miguu. Atakayethubutu kusema neno ananong'onezwa: kimya, baba aliandika usiku kucha!

Tukicheka tukaishia hapo, tutakuwa tumesoma nusu. Karibu na mwisho wa hadithi msimulizi anatuambia kwa ufupi kwamba dikteta huyu wa nyumbani hafanani kabisa na yule mtu mdogo, mnyenyekevu, asiye na kipaji, ambaye tumezoea kumwona katika ofisi za magazeti. Hiyo ndiyo sentensi inayogeuza kichekesho kuwa tashtiti. Krasnukhin anadharauliwa kazini, na deni la dharau hiyo analilipisha nyumbani. Hana mamlaka juu ya mhariri, kwa hiyo anajitengenezea mamlaka juu ya mke, watoto, mpishi na mpangaji anayesali. Uandishi umekuwa leseni yake ya kunyamazisha watu.

Hapa ndipo naona hadithi hii inapita utani wetu wa mrabaha. Utani wetu unauliza: "Nani anamdhulumu mwandishi?" Chekhov halikatai swali hilo, kwani yeye mwenyewe alikuwa mdai wa kudumu. Lakini anaongeza swali la pili: "Na mwandishi naye anamdhulumu nani?" Jibu liko jikoni, linapasua kuni usiku wa manane.

Tuwe wakweli. Katika nyumba ngapi za walimu watoto wameambiwa wasiguse redio kwa sababu baba anaandika, au mama anaandika tasnifu? Ni rundo ngapi za karatasi za mitihani zimelala bila kusahihishwa kwa sababu mhadhiri "yuko katika mradi wa kitabu"? Kuandika kunahitaji utulivu, hilo halina ubishi. Tofauti ni kati ya utulivu unaoombwa kwa ajili ya kazi na ukimya unaodaiwa kwa ajili ya cheo. Wa kwanza huzaa kurasa. Wa pili huzaa ukimya zaidi.

"Tamthilia": msikilizaji mwenye moyo laini

Hadithi ya tatu inambadilisha mwandishi kuwa msikilizaji. Pavel Vasilyevich, mwandishi anayejulikana, anatembelewa na bibi mmoja, Murashkina, aliyeandika tamthilia na anaomba maoni yake. Pavel hapendi kusikiliza maandishi ya wengine, lakini ana moyo laini, anaona haya kukataa. Anadhani ataachiwa mswada. La hasha. Bibi anaketi, anakunjua daftari nene na kuanza kusoma kwa sauti. Maonyesho ni matano.

Ustadi wa Chekhov hapa ni kuziendesha matini mbili kwa pamoja. Kuna tamthilia inayosomwa, yenye mtumishi wa kiume na wa kike wanaofungua pazia kwa mazungumzo ya kueleza kila kitu, na shujaa wa kike asiyekwisha kulalamika. Chini yake kuna matini ya pili, yaani mawazo ya Pavel: mkewe alimtuma utepe, jibini na unga wa kusafishia meno, je, sampuli ya utepe ameiweka wapi? Kadiri onyesho moja linavyofuata jingine, uhalisia unayeyuka. Murashkina anavimba, anajaza chumba, anabaki mdomo unaocheza. Mwishowe Pavel anashika chuma cha kukandamizia karatasi na kumpiga nacho kichwani. Anawaambia watumishi wamfunge kamba, ameua. Kisha sentensi ya mwisho, fupi kama mlango unaofungwa: mahakama inamwachia huru.

Hadithi hii huchekesha kila mwalimu aliyewahi kuletewa mswada saa kumi na moja jioni siku ya Ijumaa. Lakini mhakiki wa leo hana budi kuweka alama ya kuuliza pembeni. Katika hadithi zote tatu, mwanamke anayeandika ni mmoja tu, na huyo ndiye anayekufa, tena kwa kicheko cha mahakama. Waandishi wanaume wabovu, kama Krasnukhin, wanaachwa walale hadi mchana. Sisemi tuiondoe hadithi darasani. Nasema tuisome baada ya "Kimya!", ambako jicho la Chekhov kwa mwanamke ni la huruma, ili wanafunzi wenyewe waone tofauti na waijadili.

Tukishauliza hivyo, tunaweza kuona mkosaji halisi ni nani. Murashkina alikuja na ombi la wazi. Alistahili jibu la wazi: "Sina nafasi," au "Niachie, nitasoma kurasa kumi," au hata "Bibi, onyesho la kwanza halina tendo." Pavel hakumpa hata moja. Alijificha nyuma ya adabu mpaka adabu ikamchoka, ikageuka chuma. Upole wa uongo ndio uliomuua Murashkina.

Na hapo sisi walimu tunaguswa tena. Tunapomrudishia mwanafunzi hadithi mbovu kwa kumwambia "Umejitahidi, endelea," tunamwokoa na aibu ya dakika tano na kumwachia hasara ya miaka mitano. Atamaliza riwaya, ataikopea fedha za kuichapisha, atazibeba nakala ndani ya gunia akiziuza mkono kwa mkono. Soko halitampiga na chuma. Litamnyamazia tu.

Wino na karatasi upande wetu

Je, fasihi yetu ina meza kama ya Krasnukhin? Ipo, lakini imepangwa kwa namna nyingine. Wasomaji wa tenzi wanafahamu ile desturi ya dibaji ambamo mtunzi, baada ya kumtaja Mungu, huagiza wino na karatasi. Mwana Kupona wa Pate, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita binti yake akae karibu na kuvishika vifaa hivyo, ili mama amwachie wosia. Na desturi nyingine ya tenzi huja mwishoni: mtunzi huomba radhi kwa makosa na kuwaomba wajuzi wamsahihishe. Tazameni tofauti. Krasnukhin anapanga vifaa ili wengine wanyamaze. Mwana Kupona anaviagiza ili mwingine asogee karibu. Ukubwa wa mtunzi unafunguliwa kwa jina la Mungu na kufungwa kwa kuomba radhi, kwa hiyo majivuno hayapati pa kukaa.

Naamini desturi hiyo ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuwa na vichekesho vichache vilivyoandikwa kuhusu mwandishi mwenyewe. Tumemweka mtunzi katika kiti cha mwalimu na mzee wa hekima, na mzee wa hekima hachekwi hadharani. Sababu ya pili ni ya kiuchumi. Waandishi wetu wakubwa karibu wote waliishi kwa kazi nyingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, akianzia idara ya forodha. Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa riwaya ya "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka 1960, na katika miaka hiyo kibarua chake kilikuwa kuhariri jarida la kilimo, "Mkulima". Mpelelezi maarufu kuliko wote katika Kiswahili aliishi jirani na habari za mbolea. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mwalimu, mtangazaji na mhadhiri. Ni vigumu kukitania chumba cha kazi ambacho hukijui isipokuwa usiku, baada ya kazi nyingine.

Hali hiyo inabadilika. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliitambua kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021, na mwaka huohuo UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya na kupendekeza kifundishwe na kutahiniwa kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo hayaandiki kitabu hata kimoja. Vitabu vya kiada, tafsiri, hadithi za watoto, vipindi vya redio na matangazo vitahitaji watu wa kuviandika, nao wako madarasani mwetu sasa hivi.

Lakini tunawaandaaje? Kwa sasa mwalimu wa Kiswahili huku kwetu ni kama kisima cha kijiji: kila mtu huja na ndoo yake. "Mwalimu, wewe Kiswahili unacho, tuandikie hotuba ya harusi." "Mwalimu, tufasirie hii karatasi, ni kidogo tu." Kidogo hicho ni kurasa kumi na mbili, inatakiwa kesho asubuhi, na malipo ni soda na roleksi moja, yai likiwa moja vilevile. Tunakubali kwa kuona haya, kama Pavel. Kisha tunakwenda nyumbani kuwanyamazisha watoto, kama Krasnukhin. Na jina letu likitajwa mwishoni mwa sherehe, limekosewa herufi mbili, tunafurahi kama Mitya. Hadithi zote tatu katika wikiendi moja!

Mapendekezo kwa darasa

Hadithi hizi zinapatikana katika tafsiri za Kiingereza za Constance Garnett, ambazo haki zake za zamani zimekwisha muda, hivyo hatuna sababu ya kukosa nakala. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, wanafunzi wa tafsiri waifasiri "Furaha" kwa Kiswahili, kwa sharti kwamba isizidi mistari 100. Watajifunza kuhusu ufupi kuliko mihadhara yangu miwili.

Pili, wanafunzi wa fasihi waigeuze "Kimya!" kuwa mchezo wa dakika kumi na tano unaotukia katika hosteli ya hapa kwetu. Meza ya Krasnukhin waipange upya: kompyuta, kamusi isiyofunguliwa, picha ya Shaaban Robert ukutani, na simu inayowatangazia marafiki wote kwamba mwenyewe yuko katika kuandika. Mchezo huo umwonyeshe pia mtu anayemchemshia chai.

Tatu, kila mwanafunzi afanye zoezi la bei. Apewe ukurasa mmoja wa kufasiri, apime saa alizotumia, kisha aandike barua fupi ya heshima kwa mteja akitaja kiasi cha maneno, tarehe ya kumaliza na malipo. Wengi wataona barua hiyo ni ngumu kuliko tafsiri yenyewe. Ndiyo maana tuifanye darasani.

Hitimisho

Chekhov aliwacheka waandishi kwa miaka ile aliyokuwa akilipwa kwa mstari, na ucheshi huo haukumzuia kuwa mmoja wa mabwana wa hadithi fupi duniani. Nadhani ulimsaidia. Mtu aliyekwisha kumwona Krasnukhin ndani yake mwenyewe hawezi tena kuiringia huzuni yake, hivyo hubaki na muda wa kuandika. Utani wa mrabaha tuuendeleze, kwa kuwa wadaiwa wetu bado wapo na madeni ni ya kweli. Ila kila tunapomaliza kumcheka mhariri, tumgeukie kidogo na yule aliyeshika kalamu, tumuulize: umeandika kurasa ngapi leo, umekubaliana malipo gani, na nani nyumbani kwako alinyamazishwa ili uziandike?

Mwenye majibu ya maswali hayo matatu ni mwandishi wa kazi. Wengine tuendelee kuchonga penseli.